Picha Zenye Sahihi za Jamaa ya Carter

Wasikilizaji wetu, wako watu wakusanyao stempu, na wengine hukusanya fedha za kale. Huko Marekani wako wanaokusanya picha za waimbaji wa nyimbo za mashambani, wala hawaridhiki na picha tupu: wataka iwe na sahihi ya mwimbaji mwenyewe. Thamani yake yote i katika swali moja tu: je, ni mkono wake kweli?

Na tuitwae jamaa ya Carter iwe mfano. Kwao ni Poor Valley, bonde katika jimbo la Virginia. A. P. Carter alizaliwa mwaka 1891; mkewe Sara ndiye aliyeongoza kwa sauti; na Maybelle, binamu yake Sara, aliolewa na Ezra, nduguye A. P. Huyo Maybelle alipiga gitaa kwa namna ya peke yake: kidole gumba kilitoa wimbo katika nyuzi nene, na vidole vingine vikafuatisha. Agosti 1927 walikwenda mji wa Bristol, wakaimba nyimbo sita kwa siku mbili mbele ya mashine ya Ralph Peer, aliyetafuta waimbaji kwa ajili ya kampuni ya santuri ya Victor. Maybelle alikuwa na miaka 18, naye ni mja mzito. Tangu 1938 sauti zao zilienea mbali kwa redio ya XERA, iliyosimama ng'ambo ya mpaka, nchini Mexico.

Basi mkusanyaji hana budi kuzijua tarehe. A. P. na Sara waliachana mwaka 1936, lakini waliendelea kuimba pamoja hata 1943, kikundi kilipovunjika. Hivyo picha iwaonyeshayo wamesimama bega kwa bega haithibitishi kwamba walikuwa bado mume na mke. Nayo kalamu yenye kigololi nchani ilianza kuuzwa Marekani mwishoni mwa 1945. Mtu akikuletea sahihi ya kalamu hiyo, akaapa kwamba ilitiwa mwaka 1940, mrudishie picha yake. A. P. alifariki mwaka 1960. Sahihi yake kwa kalamu nene za ncha laini, zilizoenea baada ya hapo, ni ya kutiliwa shaka kubwa.

Kisha picha itazamwe kwa kioo cha kukuzia. Ikiwa sahihi imefanyika kwa vitone vidogo vidogo, hiyo ni chapa ya mtambo, si wino. Tena igeuzwegeuzwe mwangani: wino wa kweli huonekana umekaa juu ya picha, wala haung'ai sawasawa na karatasi.

Picha za Maybelle na binti zake, Helen, June na Anita, ni rahisi zaidi kupatikana, kwa kuwa waliimba miaka mingi, na mwaka 1950 waliingia katika Grand Ole Opry ya Nashville. Hapa iko hatari nyingine. Katika vikundi vya jamaa huweza kutokea mmoja akawaandikia wote, pengine kwa wema tu, wenzake wakiwa wamechoka. Sisi walimu twalijua jambo hili sana: barua ya salamu hutujia na majina ya darasa zima, na herufi zote zimeinama upande mmoja! Kwa hiyo majina manne yalinganishwe kwanza yenyewe kwa yenyewe, ndipo yalinganishwe na barua zao zilizokwisha kuthibitishwa.

Ikiisha kuthibitika, picha isibandikwe kwa gundi, wala isitundikwe penye jua, kwa maana wino hufifia upesi kuliko picha yenyewe. Unyevu nao huleta ukungu. Ukitaka kuandika neno nyuma yake, tumia kalamu ya risasi, tena pembeni, bila kukandamiza. Na kama ilikuja kwa posta, bahasha yake isitupwe, kwa kuwa muhuri wa posta una tarehe.