Mzizi Kwanza, Orodha Baadaye
Kijana wa Izki, Oman, anayesoma kwa Kiarabu shuleni na kuzungumza Kiswahili na bibi yake ana mtaji ambao orodha za kukariri maneno ya Kiingereza humsahaulisha. Anajua tayari kwamba kitabu, katibu na maktaba ni ukoo mmoja. Kiingereza nacho kina koo zake: scribere, yaani kuandika kwa Kilatini, limezaa describe, manuscript na prescription, kile cheti cha dawa. Mtafiti Paul Nation alikadiria mwaka 2006 kwamba kusoma gazeti au riwaya bila msaada kunataka koo za maneno 8,000 hadi 9,000. Nani atabeba mzigo huo neno mojamoja?

Wapo watakaosema mizizi hupotosha, na hawakukosea: nice limetoka kwenye neno la Kilatini la mtu asiyejua kitu, na leo ni sifa njema. Lakini hiyo ni sababu ya kusoma zaidi, si ya kuitupa mizizi. Mzizi hutoa dhana ya kwanza. Sentensi ndiyo inayoikubali au kuikataa. Kamusi ije baadaye, na maana iandikwe pamoja na sentensi ilimokutwa, kwani tafsiri tupu haisemi kama neno linafaa barua ya kazi au soga za jioni.