Uchungu wa kujifungua: kifaa cha mgongoni na mikono ya mwenzako

(Muziki wa kipindi unapanda, kisha unashuka)

MTANGAZAJI: Kama yuko jirani mjamzito, mwite asogee karibu na redio. Na wewe baba, usiondoke, haya yanakuhusu.

Leo tunajibu swali la mama mmoja mwenye mimba ya miezi minane. Wifi yake, aliyehamishiwa Uingereza, amemsimulia kwa simu kwamba alipojifungua huko alibandikwa mgongoni kimashine kidogo cha betri, na uchungu ukapungua. Mama huyu anauliza: je, ni kweli? Na mimi niliye kambini, nisiye na kimashine, nifanyeje?

Mama, ni kweli kifaa hicho kipo. Kinaitwa TENS. Ni kisanduku kinachoenea kiganjani, chenye nyaya nyembamba na vibandiko vinne. Viwili hubandikwa kila upande wa uti wa mgongo, chini kidogo ya mkanda wa sidiria, na viwili juu kidogo ya makalio. Umeme mdogo sana hupita kwenye ngozi, na mama husikia mwasho kama wa mguu uliokufa ganzi. Uchungu ukija, anabonyeza kitufe na umeme unaongezeka. Ukipita, anaupunguza.

Kinafanyaje kazi? Mwaka 1965 wanasayansi wawili, Ronald Melzack na Patrick Wall, walieleza kwamba ndani ya uti wa mgongo pana kitu kama mlango. Habari za maumivu hupita hapo kwenda kwenye ubongo. Habari nyingine, kama za kusuguliwa, zikifika kwa wingi, mlango huo hujifunga kiasi. Wewe mwenyewe unaujua. Ukigonga goti kwenye jiwe, mkono hukimbilia kulisugua kabla hata hujafikiri. TENS husugua kwa umeme.

Lakini tusidanganyane. Tafiti zilizowalinganisha akina mama waliotumia kifaa hiki na wasiokitumia hazikuonyesha tofauti kubwa ya maumivu, ingawa wengi waliokitumia walisema wangependa kukitumia tena. Huko Uingereza kwenyewe, wahudumu waliwahi kuelekezwa wasimpe mama kifaa hiki uchungu ukishakolea. Pia hakitumiwi ndani ya maji, wala na mtu mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo. Na tafadhali sana, asitokee mtu wa kumuunganishia mama nyaya za betri ya sola. Huko ni kuua.

(Muziki mfupi)

MTANGAZAJI: Sasa, mama, sikiliza vizuri. Hujakosa kitu kikubwa. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mapendekezo kuhusu huduma wakati wa kujifungua, na mengi ya kupunguza maumivu hayahitaji mashine.

La kwanza, uwe na mtu wako. Awe mama yako, dada, shangazi au mumeo, mtu unayemwamini. Siku ya kliniki, muulize mkunga utaratibu wa kituo chenu kuhusu msindikizaji, msije mkagombana mlangoni usiku.

La pili, kukandwa mgongo. Wewe msindikizaji, uchungu unapoanza, weka sehemu ya chini ya kiganja chako kwenye mfupa ulio juu ya makalio ya mama. Bonyeza kwa uthabiti huku ukizungusha polepole mpaka uchungu upite. Muulize: niongeze au nipunguze? Kanda mgongo tu. Usikandamize tumbo hata kidogo, maana unaweza kumdhuru mama na mtoto.

La tatu, joto. Chovya kitambaa safi katika maji ya moto kiasi, kikamue, kijaribu kwanza kwenye mkono wako, kisha kiweke mgongoni.

La nne, tembea, simama, egemea ukuta, piga magoti. Huna lazima ya kulala chali. Uchungu ukija, vuta pumzi taratibu kwa pua na uitoe polepole kwa mdomo. Kunywa maji, na nenda haja ndogo mara kwa mara.

Dawa za mitishamba za kuharakisha uchungu, usinywe. Zinaweza kuubana uzazi kwa nguvu hadi ukachanika, na mama akavuja damu ndani bila mtu kuona.

(Muziki mfupi)

MTANGAZAJI: Mpenzi msikilizaji, uchungu wa kawaida huja na kuachia. Kuna maumivu ambayo hayakandwi. Kimbilieni kituo cha afya mara moja, hata usiku, ikiwa maumivu hayaachii kabisa, damu inatoka, kichwa kinauma sana na macho yanaona ukungu, mwili una homa au degedege, maji yanayotoka ni ya kijani au yananuka, au mtoto ameacha kucheza tumboni.

Hata bila dalili hizo, usijifungie ndani ya nyumba kwa kuogopa maumivu. Uchungu ukianza, mjulishe mtu na uende kituoni mapema.

Kwa hiyo leo, redio ikizimwa, amueni mambo matatu: nani atamsindikiza mama, nani atabaki na watoto, na mtafikaje kituoni usiku. Kisha jaribuni ule mkando wa mgongo, ili siku ikifika mkono uwe umeshazoea.

Wahenga walisema, mkono mmoja haulei mwana. Hata kumzaa, haumzai peke yake.

(Muziki wa kufunga)