Kuifuata timu Dodoma kwa SGR: Bei chee iko wapi?

RATIBA ikitoka na kuonyesha Simba au Yanga inakwenda kukipiga na Dodoma Jiji pale Jamhuri, swali la kwanza kwenye matawi ya mashabiki Dar es Salaam siku hizi siyo basi linaondoka saa ngapi. Ni treni.

Haishangazi. Tangu Julai 2024 SGR ilipoanza kubeba abiria hadi Dodoma, safari iliyokuwa inakula siku nzima barabarani inamalizika kwa chini ya saa nne. Shabiki anashuka hajachoka, jezi haijakunjamana, na sauti ya kushangilia bado anayo.

Ila ukisikia watu wanasema treni ni bei chee, piga hesabu kwanza. Kwa viwango vilivyotangazwa na LATRA mwaka 2024, treni ya kawaida ilikuwa Sh31,000 kutoka Dar hadi Dodoma na Sh13,000 hadi Morogoro. Hiyo ilikuwa Sh69.51 kwa kilomita. Basi la kawaida lilipangiwa Sh48.47 na la daraja la kati Sh67.84. Kwa kilomita kama 450 za Dodoma, basi la kawaida linakuja karibu Sh22,000. Kwenda na kurudi, aliyepanda basi amebaki na kama Sh18,000 mfukoni.

Sasa mwenye basi asianze kucheka. Mechi ikiwa saa 10:00 jioni, filimbi ya mwisho inalia karibu na saa 12:00. Shabiki wa basi mara nyingi alishafika jana yake, kalala gesti, kala mara mbili mgahawani. Ile Sh18,000 imeyeyuka, tena kaongeza. Shabiki wa treni anayepata ya kwenda asubuhi na ya kurudi baada ya mechi hailipii gesti hata senti. Ndiyo maana kabla ya kuuliza nauli, ni bora uangalie saa ya treni ya kurudi. Mechi ikiwekwa saa 3:00 usiku, hesabu yote inabadilika na gesti inarudi mezani.

Kuna jambo moja wengi wanalichanganya. Kule England, anayenunua tiketi ya treni wiki kadhaa kabla anaweza kulipa kidogo sana kuliko anayenunua siku ya safari. Hapa nauli ya treni ya kawaida imepangwa. Anayewahi na anayechelewa wote wanalipa nauli ileile. Kinachobadilika ni kiti. Vya kawaida vikiisha, kilichobaki ni treni ya haraka au madaraja ya juu, na huko bei ni nyingine. Wengi wanaolalamika kwamba SGR ni ya matajiri ni wale walioamka Ijumaa jioni wakati mechi ni Jumamosi. Kipindi cha sikukuu ndiyo usiseme.

Kwa tawi linalosafiri watu 20, kazi kubwa iko kwenye majina. Tiketi inakatwa kwa taarifa za kitambulisho cha kila abiria, iwe kwenye mtandao wa TRC au dirishani stesheni. Katibu asiye na namba za vitambulisho mapema atakuwa anapiga simu huku viti vinaisha. Na mtu akighairi, usidhani mwenzake anaweza kupanda tu kwa tiketi yenye jina la mwingine.

Halafu kuna nauli ya kufika stesheni, ambayo hakuna anayeiweka kwenye bajeti. Mtu wa Mbagala au Temeke ana nafuu, stesheni ya Dar iko katikati ya jiji, wakati mabasi yako Mbezi. Mtu wa Kimara ni kinyume chake. Wa Gongo la Mboto na Ukonga wanaweza kupandia Pugu bila kuingia mjini, ili mradi treni waliyoichagua inasimama hapo. Morogoro nako, basi linakushusha Msamvu ila treni inakuacha Kihonda, kwa hiyo tenga hela ya bodaboda.

Wenye watoto wana ahueni. Mtoto wa miaka minne hadi 12 analipa nusu, chini ya hapo bure.

Adui mkubwa wa tiketi ya mapema ni ratiba yenyewe. Machi 8, 2025, derby ya Kariakoo iliahirishwa siku ileile ya mchezo, mashabiki wa mikoani wakiwa wameshaingia Dar. Ilikuja kuchezwa Juni 25. Aliyetoka Dodoma kwa treni ya kawaida alikuwa na Sh62,000 za kwenda na kurudi, na hakuona hata mpira ukianzishwa. Bodi ya Ligi inapohamisha mechi, hesabu za matangazo na viwanja hufanyika, ila nauli ya shabiki haimo kwenye hesabu hizo.

Kwa hiyo wazoefu wanasubiri tarehe na saa vithibitishwe, wanasoma masharti ya kubadili tiketi kabla ya kulipa, kisha wanakata ya kurudi siku hiyohiyo wanayokata ya kwenda. Wengi wa Dar wanakimbilia ya kwenda na kuisahau ya kurudi, halafu Jumapili wanakutana wote dirishani Dodoma.