Mwamba wa Migingo na Samaki Wake

Watu waliopata kutembea Pwani wanayajua matumbawe, yale mawe ya bahari ambamo samaki wadogo hujificha na kukua. Ziwa Victoria halina matumbawe, kwa kuwa maji yake hayana chumvi. Lakini lina visiwa vya mawe, na katika nyufa za mawe hayo hufanyika kazi kama ile ile. Kilicho mashuhuri kuliko vyote ni Migingo.

Mgeni atokaye Kenya hupanda mashua ya injini Muhuru Bay, katika Kaunti ya Migori. Kwanza huona mmetameto wa mabati, kisha ndipo huliona jiwe lenyewe. Ukubwa wake wapata nusu eka tu, na juu yake mabanda yamebanana kama mizigo sokoni: maduka, hoteli za chai, vilabu, na mizani ya samaki. Vyoo ni vichache, na taka nyingi huishia majini. Ajabu ni kwamba Usingo, kisiwa cha jirani, ni kikubwa kuliko Migingo, wala hakikusongamana hivyo.

Kilichowavuta watu hapo ni mbuta, ambaye Watanzania humwita sangara. Samaki huyu hakuwa wa ziwa hili; alitiwa humo katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, naye aweza kufika kilo 200. Aliwala fulu, wale samaki wadogo wa rangi nyingi, hata kufikia miaka ya 1980 walikuwa wametoweka mahali pengi. Wataalamu wanakadiria kuwa aina zipatazo 200 zimepotea. Miongoni mwa waliosalia ni wale wakaao mawenimawe, maana mbuta mkubwa hawezi kuingia ufani. Kwa hiyo maji ya pembeni mwa visiwa vya mawe ni ghala ya mbegu, ambayo haifai kutiliwa taka.

Kenya na Uganda zimeshindania Migingo kwa miaka mingi. Mwaka 2009 Rais Museveni alisema kwamba kisiwa ni cha Kenya, bali maji ni ya Uganda. Neno hilo ni zito kwa mvuvi, kwa kuwa hapana avuaye samaki juu ya jiwe.

Lakini hata mpaka ukiwekwa leo, samaki hatajua. Mbuta azaliwaye upande mmoja hukulia upande mwingine, na wavu wenye macho madogo humaliza wa pande zote. Jambo hili si geni. Nyavu za kutega zililetwa katika ghuba ya Nyanza mwaka 1905, na haukupita muda mrefu ngege wakaanza kupungua. Bwana Michael Graham alilichunguza ziwa mwaka 1927 na 1928, akashauri jicho la wavu lisipungue inchi 5. Kanuni ikatungwa mwaka 1933. Baadaye ikalegezwa, na ngege wale wa asili wakawa adimu.

Nchi tatu za ziwa ziliwahi kupatana kwamba viwanda visipokee mbuta aliye chini ya sentimita 50, kwa kuwa hajazaa, wala aliyezidi 85, kwa kuwa ndiye mzazi mkuu. Shauri ni jema. Lakini mvuvi wa Migingo, au wa Remba kule Homa Bay, mara nyingi hukopeshwa petroli na nyavu na wakala anunuaye samaki wake, na deni halingoji samaki akue. Mbuta mdogo akataliwaye na kiwanda hatupwi. Hukaangwa au hukaushwa, akapelekwa kwenye masoko ya bara. Huko hapana aendaye sokoni na rula, na mama anunuaye fungu la samaki hutazama kama linatosha watoto wake jioni ile.