Taa Iifuate Nyumba

Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Wahenga waliosema hivyo ni kama walikuwa wamesimama Lamu, mji uliotiwa na UNESCO katika orodha ya turathi za dunia mwaka 2001. Nje ya majumba yale ya mawe huoni ila ukuta mtupu na daka. Ukivuka tekani ukatokea kiwandani, ndipo uonapo mwangaza.

Mwangaza huo una safari yake. Unatoka kiwandani, unapita msana wa tini na msana wa yuu, nao wapungua kila hatua, hata ukifika ndani huwa hafifu. Vyumba vyenyewe ni vyembamba, havifiki mita 3, kwa kuwa upana wake ulitegemea urefu wa boriti za mikandaa. Basi mafundi wakapanga zidaka ukutani, safu juu ya safu, wakazitia nakshi za chokaa. Mwanga mdogo ukizipiga kwa ubavu, kila ukingo hutoa kivuli chake, na chumba kikaonekana kipana.

Sasa, ndugu msomaji, tundika taa nyeupe kali katikati ya dari. Vivuli vyafa, na kazi ya mkono wa fundi yageuka ukuta wa kawaida. Nimeziona nyumba kama hizo, nikasikitika.

Vijana huniuliza: “Mzee, wataka turudi kwenye kandili?” La hasha! Stima ni neema. Lakini siku hizi kuna globu ndogo za LED zenye mwanga wa manjano, zisizo na joto jingi. Zifichwe chini, pembeni, mwanga upande ukuta taratibu. Wala kusitiwe globu katika kila kidaka, nyumba ikafanana na duka la sonara.

Jambo jingine ni misumari. Chuma kikipigwa katika ukuta wa matumbawe hushika kutu kwa chumvi ya bahari, kikavimba, na chokaa ikapasuka. Nakshi ikianguka, si kila mwashi awezaye kuirudisha. Afadhali waya upitishwe kando ya boriti.

Enyi wenye nyumba, kabla hamjamwita fundi wa stima, kaeni ndani tangu asubuhi hadi alasiri, mtazame jua liingiavyo na lifikapo. Kisha mwambieni fundi aifuate njia hiyo hiyo.