Madoa mekundu miguuni: kipande cha ngozi kinasema nini?

Mtoto akitokwa na madoa mekundu miguuni, yasiyofifia tukiyabonyeza, wengine kwetu husema ni sumu au uchawi. Mara nyingine ni mishipa midogo ya damu iliyovimba, kwa sababu kingamwili, askari wa mwili wetu, zimekwama ndani ya kuta zake.

Daktari hutia ganzi na kukata kipande kidogo cha ngozi. Maabara hukipaka rangi inayong'aa, ambayo hushika kingamwili ya aina moja tu. Kama IgA inang'aa kwenye mishipa, mara nyingi ni vaskulitisi ya IgA, inayowapata hasa watoto.

Lakini kipande kitoke kwenye doa jipya, la siku moja au mbili, maana baadaye kingamwili hizo huweza kutoweka. Wala kisiwekwe katika formalini, kwani huharibu kipimo hicho.

Pasipo maabara hiyo, daktari anaweza bado kuutambua ugonjwa kwa mtoto kwa kutazama dalili. Hata madoa yakiisha, mkojo uendelee kupimwa kwa miezi kadhaa, kwa kuwa ugonjwa huu huweza kushika mafigo kimya kimya. Basi tusikawie nyumbani.