Mkuu wa Mkoa Afungapo Safari

Kiongozi wa Mkoa wa Kilimanjaro apandapo ndege kwenda ng'ambo kutafuta wawekezaji, ni rahisi abebe picha ya mlima wenye theluji na kopo la kahawa. Simlaumu. Lakini kusini ya mkoa huo huo, juu ya tambarare kavu za Same, iko Milima ya Upare, na huko watoto husomeshwa kwa tangawizi. Je, mkobani mwa kiongozi huyo tangawizi imo?

Wapare si wageni wa biashara. Kabla ya ukoloni, wahunzi wa ukoo wa Washana kule Ugweno walifua chuma, na majembe yao yalinunuliwa na Wachaga.

Hata urafiki na mataifa ya mbali haukuanza jana. Baada ya Serikali kupeleka madaraka mikoani mwaka 1972, mikoa mbalimbali ilipata washirika wa nje. Tanga ikaelekea Ujerumani ya Magharibi, Kilimanjaro ikaelekea Japani. Wataalamu wa Kijapani waliandaa mpango wa maendeleo ya mkoa, uliokamilika mwaka 1977. Moshi ikapata kituo cha viwanda vidogo. Same nayo, baada ya kungoja sana, ikapata mashamba ya mpunga ya Ndungu, kiasi cha hekta 680, yaliyomalizika mwaka 1990. Nionavyo mimi, mgeni yule alibahatika kukuta watu waliokwisha kujua kugawana maji. Tangu enzi za mababu Wapare walichimba ndiva, yaani mabwawa madogo ya kukusanya maji usiku ili asubuhi yafunguliwe mifereji, kila mtu kwa zamu yake.

Lakini Ndungu ilikuwa msaada, na mtoa msaada haulizi bei. Mnunuzi huuliza. Tangawizi mbichi ni nzito kwa maji yake na haikai. Mkulima akiishaing'oa hana nafasi ya kungoja, na mlanguzi anajua hivyo vizuri kuliko mtu yeyote. Ikikaushwa na kusagwa, huhifadhika, na mwenye mali huweza kukaa chini akazungumza.

Ndiyo sababu wakulima wa Mamba Miamba, wakihimizwa na mbunge wao Anne Kilango Malecela, walijenga kiwanda, kikazinduliwa na Rais Jakaya Kikwete mwaka 2012. Kwa bahati mbaya kikakwama. Aliyekuja baadaye kushirikiana na wakulima hao hakutoka Tokyo wala London. Ni PSSSF, mfuko wa hifadhi ya watumishi wa umma. Fikiri hapo, msomaji: akiba ya uzeeni ya mwalimu na muuguzi imewekwa juu ya tangawizi ya mama wa Mamba. Kiwanda kikilala tena, watakaoumia ni wawili, na wote ni wa nyumbani.

Basi kiongozi na asafiri, masoko hayaji yenyewe. Ila kabla ya kwenda uwanja wa ndege, apande kwanza Mamba. Mnunuzi wa ng'ambo atamwuliza ni tani ngapi zilizokauka sawasawa ziwezazo kufika bandarini kila mwezi, mvua inyeshe isinyeshe, na jibu la swali hilo haliko ubalozini. Limo katika daftari la ushirika, kule juu mlimani.